Mupande Usio na Tundu

Mjukuu wangu Solange ana mimba ya kwanza, na anakula pemba kama mbuzi aliyekuta chumvi. Anaununua udongo huo mweupe kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini kwetu, anautafuna huku anasoma vitabu vyake vya chuo, halafu anakuja kunisalimia na pumzi inayonuka ardhi iliyopata mvua ya kwanza. Yeye anacheka. Mimi natafuta pa kuweka mikono yangu. Wenzangu wa umri huu mtanielewa, kuna harufu ambazo hazibishi hodi. Hiyo ya pemba iliyolowa ikinifikia tu, nakuwa tena na miaka minane au karibu, nimekaa chini katika chumba kisicho na dirisha, na mama yangu amekaa mbele yangu na hawezi kutoka.

Lakini nianze na baba, maana kwake ndiko jiwe lilikotoka.

Siku hizo mji wetu ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, na sisi tulikaa katika kambi ya watu wa reli. Nyumba zote zilikuwa sawa, zote zimepakwa chokaa, hata jioni moja baba alirudi amechoka akaingia kwa jirani, akavua viatu na kuomba chakula. Mama alimtania kwa hilo mwaka mzima. Baba alikuwa mtu wa breki kwenye treni za mizigo zinazokwenda magharibi, mpaka Dilolo kwenye mpaka wa Wareno. Alikuwa anaondoka kwa siku nyingi, na akirudi ananuka makaa ya mawe na mafuta ya mashine, na sisi watoto wa kambi tulijua mlio wa filimbi ya treni yake kama tunavyojua kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Safari moja alirudi na jiwe. Alipewa na rafiki yake wa reli ya upande wa pili, mtu wa Lobito, kwenye pwani ya Wareno, wakabadilishana na samaki wakavu ambao mama alikuwa amemfungia. Mama alikuwa mtu wa Kasenga, kwenye mto Luapula, na samaki wa kwao aliwaheshimu kuliko askofu.

"Samaki yangu yote ile, unabadilisha na jiwe?" mama akasema, mikono kiunoni. "Haya, nipatie. Nitaipika na nyanya, tuone kama itaiva."

Baba aliliweka kwenye kiganja changu, na kiganja hakikutosha. Lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa mengi, limejikunja lenyewe kwa lenyewe, mzunguko ndani ya mzunguko, na juu ya mizunguko hiyo kulikuwa na mbavu zilizoanza nyembamba kule ndani na kunenepa kadiri zilivyotoka nje, kila moja na vinundu vyake. Nje kabisa, mgongoni, ulipita ukingo mwembamba kama mshono wa suruali. Nililigusa kwa ulimi, kama mtoto anavyofanya kwa kila kitu. Lilinuka pemba.

"Ni nini, baba?"

"Ni nyama ya bahari. Ku Lobito banakata mulima juu ya kupitisha njia, banaikuta mingi-mingi mu mawe. Iliingia mu nyumba yake, udongo ukafunga mulango."

"Sasa iko wapi?"

"Iko mule-mule." Akaweka kidole chake chenye mafuta katikati, pale ambapo mzunguko unakuwa mdogo mpaka unakwisha. "Kule ndani kabisa."

"Ilikufwa?"

Alikuwa amechoka, alitaka kulala. "Inalala," akasema.

Tangu siku hiyo nililiweka jiwe sikioni kila asubuhi, nikisubiri liamke. Halikuamka. Nilimhurumia sana mnyama huyo, peke yake katikati ya jiwe, na kuta zote zile zimemzunguka.

Halafu baba hakurudi. Alikuja msimamizi wake, kofia mkononi, akasimama mlangoni akisema na mama kwa sauti ya chini. Baba alikuwa ameteleza kati ya mabehewa katika kituo kidogo huko magharibi, na kwa sababu ya joto walikwisha kumzika huko huko. Kwa hiyo mimi sikuona jeneza, sikuona kaburi. Niliona wanawake wakililia sanduku la nguo na taa ya kazi. Nilizunguka nyumba nikitazama kila pembe, maana mtu hawezi kukosekana tu hivi, lazima awe mahali.

Asubuhi moja nikamkuta mama amekaa chini, jiwe liko mapajani mwake, shavu amelilaza juu yake. "Baba wa mutoto," alikuwa analiambia, "unaniachia nani?"

Basi nikajua baba yuko wapi. Si alinieleza mwenyewe? Mtu anaingia katika nyumba yake, udongo unafunga mlango. Niliona jambo hilo wazi kabisa, hata nikashangaa kwa nini watu wazima wanahangaika kulia wakati jibu liko pale mapajani. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba mama anajua, na hiyo ilitosha.

Nyumba ya kambi ilikuwa ya kazi, na kazi ilikuwa imekwisha. Tukahamia Kenya, kwa mdogo wake baba, Donati, fundi wa kushona, kijana ambaye hakuwa ameoa bado na aliishi na dada yao mkubwa. Dada huyo nilimwita Baba Mwanamke, ndivyo kwetu, kwa sababu dada ya baba ni baba vilevile, ila ni mwanamke. Na kweli, ukimuona ukali wake, usingeuliza mara mbili.

Sasa niwaeleze jambo la mjane, kwa wale waliokwisha kusahau au wanaojifanya wamesahau. Kwa watu wa baba, watu wa kaskazini, mjane hamalizi msiba yeye mwenyewe. Marehemu yuko bado juu yake, mpaka watu wa marehemu wamtoe: wampake pemba, wamkate nywele, wamwambie sasa uko huru, nenda. Kabla ya hapo hapeani mkono na mtu, hapiki, hachani nywele, havuki uzio. Tulikuwa Wakatoliki, ndiyo, tuliimba misa kwa Kilatini, lakini padri alikuwa parokiani na Baba Mwanamke alikuwa nyumbani.

Walimweka mama katika stoo ya makaa. Kulikuwa na magunia, pasi za zamani za Donati zilizoharibika, na matundu machache ya hewa juu kwenye matofali. Moshi wa tanuru la shaba ukishuka, uliingia kwa matundu hayo na haukujua kutoka. Mlango wa kwenda barabarani ulikuwa mmoja tu, kupitia baraza, na kwenye baraza alikaa Donati na mashine yake. Kutwa nzima tulisikia pedali. Ikinyamaza, tulijua amesikia miguu yetu, nasi tuliketi tena.

Mama alitaka mambo mawili: atoke, na atoke na mimi. Alitaka turudi kwao Kasenga. Kwa watu wa mama, mtoto anahesabiwa upande wa mama. Kwa watu wa baba, upande wa baba. Kwa hiyo nilikuwa wa pande zote mbili, na nilichopata kwa utajiri huo ni kulala stoo.

Tena kulikuwa na jambo la jina langu. Nilizaliwa mara tu baada ya mama yake baba kufariki, nikapewa jina lake. Kwetu hilo si ukumbusho tu. Ni yeye amerudi. Donati, mtu mzima mwenye ndevu, alinisalimia kila asubuhi: "Mama, umelala muzuri?" Baba Mwanamke alinikaripia mimi mtoto huku ananiita mama. Mwanzoni nilifurahi kupita kiasi. Nilimtuma Donati aniletee maji, naye akaleta. Nilidai firigisi ya kuku, nikapewa. Kisha siku moja nikauliza tutakwenda lini Kasenga, na Donati akaacha kushona.

"Muke wa yaya anaweza kwenda siku moja," akasema polepole, akimtaja kaka yake mkubwa. "Lakini weye ni mama. Mama ya nyumba anaendaka wapi?"

Firigisi haikuwa tamu tena baada ya hapo.

Jiwe lilionekana wakati Baba Mwanamke alipokuwa anapanga vitu vya marehemu. Alifungua kitambaa, jua la mlangoni likaangukia jiwe, naye akapiga magoti. Nilidhani amejikwaa. Akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama watu wanavyomsalimu chifu.

"Mupande," akanong'ona.

Mupande ni kile kisahani cheupe cha gamba la konokono wa baharini, chenye mstari unaojikunja kuelekea katikati, ambacho machifu wetu walikivaa kifuani. Ukoo wa baba ulikuwa wa kichifu zamani, na mupande wao ulipotea wakati wa vita vya mababu. Wazee walikuwa bado wanauzungumza kama mtu aliyekwenda safari. Na sasa huu hapa, mviringo, umejikunja, katika sanduku la mtoto wao mkubwa aliyekufa ghafla. Kila kitu kikaelezeka: aliupata, akauficha bila kuufanyia desturi, nao ukamuua.

Mama alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na alikilipia. "Hapana, mulamu," akamwambia wifi yake. "Ni jiwe tu, ya ku Lobito. Bwana wangu alibadilishaka na samaki."

"Nipatie niione."

Mama akalichukua upesi, akalifunga katika kitenge chake tumboni. "Ni zawadi ya mutoto."

"Kama ni jiwe tu," Baba Mwanamke akasema, akiinuka, "juu ya nini unaikamata vile?"

Hapo tukafungwa kwelikweli. Neno lilitolewa: mjane atoe mupande, ndipo ataondolewa marehemu. Asipotoa, abaki, na mwaka ukiisha Donati amrithi. Na akitoa, ataondoka yeye, lakini mama ya nyumba habanduki.

Mama alisema ukweli kwa kila aliyeingia kumpa pole. Alieleza habari ya Lobito, ya mlima uliokatwa, ya mnyama wa bahari. Ukweli ulizidi kumfunga. Nani atakubali kwamba mtu mwenye akili alitoa samaki wa Kasenga akapokea jiwe la njiani?

"Mupande ya kweli iko na tundu katikati, ya kupitisha kamba," mama akasema siku moja, amechoka. "Angalieni. Hii haina."

"Mwenyewe akikufwa, tundu inajifungaka," Baba Mwanamke akajibu bila kupepesa jicho.

Wakaja wakaipekua stoo. Mama alikuwa amelizika jiwe ndani ya gunia la makaa, na hakuna aliyetaka kuingiza mkono kule. Mimi niliuingiza. Mama akilala mchana, nilisukuma mkono mpaka kwapani katika makaa, nikatafuta zile mbavu kwa vidole, nikamwambia baba kimoyomoyo kwamba tuko hapa. Mnyama ndani ya jiwe, jiwe ndani ya gunia, gunia ndani ya stoo, stoo nyuma ya mashine ya Donati. Nilivihesabu hivyo kama sala, na kila nilipofika mwisho nilikosa pumzi. Filimbi ya treni ililia mbali upande wa stesheni, nami sikugeuka tena.

Kisha mama aliacha kueleza. Watu wakiingia aliwaangalia tu. Baba Mwanamke alidhani amelainika. Ikaja habari kwamba Nkambo Mutombo, mdogo wa babu yangu na mkubwa wa ukoo aliyebaki, anashuka kwa treni kutoka kaskazini kuja kumaliza jambo hili. Siku iliyofuata mama akaniambia niombe kipande cha pemba, niseme tumbo linauma. Mama ya nyumba akiumwa tumbo hakuna anayebisha. Nililetewa bonge.

Mchana, Baba Mwanamke alipokuwa sokoni, mama akalitoa jiwe, akalilaza kwenye ukingo wa kizingiti, akachukua pasi mojawapo ya zile mbovu. Akasubiri. Mashine kule barazani ilipoanza kukimbia, akapiga. Ilipotulia, akatulia. Ilipokimbia tena, akapiga tena. Alikuwa anapiga ule mzunguko wa nje kabisa, sehemu inayoishia mdomoni, ambayo ilitokeza na kufanya jiwe lisiwe mviringo mzuri.

Nilimrukia mkono. "Unamuua!"

Alinifunika mdomo kwa kiganja chake cheusi kwa makaa. "Nyamaza, mwana wandi. Ninaitengeneza."

Pigo moja zaidi, na kipande kikaachia, kimepinda, kirefu kuliko kidole changu, na mvungu upande wa ndani. Kilichobaki kilikuwa duara safi. Mama alilisugua kwa maji, akalowesha pemba, akalipaka jiwe lote mpaka likawa jeupe kabisa. Stoo nzima ikanuka. Ndiyo harufu ile ile ya Solange. Kwangu mimi tangu wakati huo ni harufu ya kumuona mama anampiga baba kwa pasi, na mimi siwezi kupiga kelele kwa sababu Donati atasikia.

Nkambo Mutombo alifika, mzee mwembamba mwenye ukungu machoni. Walimkalisha kwenye kiti cha Donati sebuleni. Mama aliketi sakafuni, nywele zimesimama, mimi kando yake. Jambo la kwanza mzee alilofanya ni kunitania, maana nilikuwa na jina la mke wa kaka yake.

"Mulamu wangu! Ulikwendaka bila meno, sasa unakuya na meno mapya. Na miye nabakia na haya yangu?"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Akafungua kitenge, akaweka jiwe jeupe sakafuni mbele ya mzee, na akasema maneno ambayo hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

"Hii njo kintu bwana wangu aliacha. Sina kingine. Munitoshe mufu, mumutoe juu yangu, nitaiacha mu mikono yenu. Lakini naenda na mutoto wangu."

"Weye utakwenda," Donati akasema. "Mama haendi."

"Basi na hii haibakie," mama akajibu, na mkono wake ukarudi juu ya jiwe.

Mzee akanyoosha mkono, mama akamwachia alishike. Hakuona vizuri, akaliangalia kwa kidole gumba. Kidole kikaenda katikati kutafuta tundu, kikakuta kishimo kidogo tu. Kikafuata mzunguko taratibu, mbavu baada ya mbavu, kikatoka mpaka ukingoni, pale palipovunjika. Chini ya pemba palikuwa bado na makali. Kidole kikakaa pale. Mama alikuwa anatazama kidole hicho.

"Mulamu," mzee akaniambia, jiwe liko bado mkononi, "weye mwenyewe unataka nini? Kubakia hapa na sisi, ao kwenda na huyu muke?"

Kila mtu akanigeukia. Nilijua jibu ambalo mama analitaka, lilikuwa limeandikwa usoni kwake. Lakini jiwe lilikuwa mkononi mwa mzee, na jiwe halikuwa linakwenda Kasenga. Ningemwachaje pale, kule ndani kabisa, peke yake na watu wasiojua kuwa yumo?

"Nataka kubakia na baba," nikasema.

"Baba gani?"

"Ule." Nikaonyesha jiwe, nikaanza kulia.

Donati akapiga goti lake kwa furaha. "Munasikia? Mama mwenyewe anasema anabakia!"

Mkono wa mama ulioshika bega langu ukalegea na kuanguka. Sijasahau uzito ulioondoka begani. Nilimwangalia, na uso wake ulikuwa umefungwa kama mlango.

"Ngojea," akasema mzee. "Donati, marehemu alikuwa nani kwako?"

"Yaya yangu."

"Na mama yenu alikuwa anamuita nani?"

"Mutoto wake."

"Na huyu, mbele yetu bote, anamuita nani?"

"Baba," Donati akasema.

"Mama yenu hawezi kuita mutoto wake baba," mzee akasema, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Kama angerudi, angesema: mutoto wangu. Huyu hapana. Huyu ni mutoto tu, iko analilia baba yake. Jina iko yake, lakini mama hayuko mule. Mutoto anafwata mama yake. Mupande inabakia kwetu. Leteni pemba."

Ndivyo tulivyotoka. Kwa neno nililolisema ili nibaki. Asubuhi yake walimpaka mama pemba, wakamkata nywele, wakamwambia nenda, naye akapita mbele ya mashine ya Donati akiwa amenishika mkono kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Mpaka leo sijui kidole gumba cha mzee kilijua nini. Mtu wa ukoo wa kichifu, mtoto wa watu waliovaa mupande, asitambue jiwe? Lakini akalifunga kwenye kitambaa cheupe, akapanda nalo treni, na nilisikia kwamba lilipokelewa kwa ngoma.

Tulipanda lori la wauza samaki waliokuwa wanarudi Kasenga na matenga matupu. Mama alikuwa amekaa karibu yangu, pemba imebaki kwenye mstari wa nywele, anacheka na wanawake wa kwao kwa lugha ya kwao, anavuta hewa kama mtu aliyetoka majini. Alitoa kitengeni kile kipande kilichopinda akanipa. "Kamata. Hii njo yako, ya baba yako." Nilikikataa. Takataka ile ya pembeni ilinihusu nini? Baba alikuwa katikati, na katikati alikuwa amewapa wao. Akakifunga kwenye ncha ya kitenge changu. Nilimpa mgongo safari nzima. Niliangalia nyuma, kwenye vumbi, kule mji ulikokuwa, na nilichukia kila mti uliokuja kusimama katikati.

Nilikua, nikaelewa kwamba watu hawaingii kwenye mawe. Nikaolewa, nikarudi kuishi mjini, nikazaa. Mama aliuza samaki mpaka uzee wake na akafa kitandani kwake, na habari za jiwe hatukuzizungumza hata siku moja. Lakini kati yetu palikuwa na kitu. Nilimpenda kama mtu anayempenda mwenzake ng'ambo ya uzio. Hata nilipokwisha kuelewa yote aliyofanya, ujanja wake na ujasiri wake, kile kiganja cheusi mdomoni mwangu hakikutoka.

Juzi Solange alitaka kifungo cha gauni lake, maana tumbo limezidi. Nikampa kopo langu la vifungo. Akachakura, akatoa kile kipande, nilichokihifadhi humo tangu zamani.

"Kambo, hii umeitosha wapi?"

Kwa kuwa anasoma mambo ya mawe huko chuoni Kasapa, nilimwachia akipeleke. Akarudi na pumzi yake ya pemba na karatasi tupu ya kunichorea.

"Ni amonite, Kambo. Profeseri anaangalia hizi mbavu na binundu, anasema inaweza kuwa ile banaitaka Elobiceras. Banaziokotaka ku Angola, ku Gabon, ku Nigeria, pembeni ya bahari. Kisha mu mawe ya juu, haiko tena ata moja. Ilikwisha yote. Na huku kwetu haiwezi kuonekana, mawe ya Katanga ni ya zamani kushinda hiyo nyama."

Nikamwambia kwamba hiki ni kipande tu, cha nje, kilichotupwa. Penyewe palikuwa kule katikati, mnyama alipokuwa amefungwa.

Solange akacheka. Akachora mzunguko, akaugawa kwa vistari. "Hapana, Kambo. Angalia. Hivi byote ni byumba. Katikati ni kile ya kwanza, ya utoto. Nyama ikikomaa, inajenga chumba mbele, inahama, inafunga ile ya nyuma. Tena mbele, tena inahama. Haikurudiaka nyuma. Yenyewe inaikalaka mu chumba ya mwisho, hapa ku mulango." Akachukua kipande changu, akakiweka juu ya mchoro wake, nje kabisa, mdomoni. "Hapa. Kule katikati kulikuwa kutupu."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Kisha akaenda jikoni kutafuta kitu cha kula, maana sasa anakula kwa wawili, na mimi nikabaki na kile kipande mkononi, kidole gumba ndani ya ule mvungu wake. Kidole kinaenea vizuri.

Najua baba hakuwa ndani ya jiwe. Sijapoteza akili. Lakini kuna mtoto ambaye hajui, yuko bado juu ya lori la samaki, uso kwenye vumbi, na amekaa hivyo miaka yangu yote. Nilimwambia yeye, kwa sauti kabisa, hata Solange akauliza kutoka jikoni nasema na nani. Nilimwambia kwamba kule Kenya tuliacha vyumba vitupu. Nilimwambia tumetoka na baba, yuko kwenye ncha ya kitenge chako, geuka sasa, umwangalie mama yako.